Nilimwomba Fundi Asiharakishe

Mlionisoma wiki jana mliniacha uani kwangu hapa Kola, simu iko sikioni, mwanangu Makau akinifokea. Aliyeingia leo asijione mgeni. Avute kiti, nitamsimulia kwa ufupi.

Jina langu ni Kalondu, na ni mjane. Mume wangu Maundu aliniachia shamba, mbuzi wachache na gari ambalo watu walilicheka tangu siku alipolileta. Lilikuwa gari la mbio, Celica ya miaka ya themanini, milango miwili, taa za mbele zinazofumbua macho kama chura. Lilitembea mpaka ile mita ya kilomita ikachoka, ikasimama. Lilibeba maembe, likabeba mbuzi, likabeba akina mama wenye uchungu hadi hospitali ya Machakos. Wawili hawakufika. Walijifungulia kwenye kiti cha nyuma, na watoto wao leo ni watu wazima wanaonisalimia njiani.

Makau alitaka liuzwe kwa watu wa vyuma vikuukuu. Kijana wake, mjukuu wangu, alitaka lifufuliwe. Nikasema aitwe fundi, atakalosema ndilo litakalokuwa. Makau akakata simu bila kwaheri. Hajapiga tena.

Hapo ndipo tulipoishia. Lakini kuna jambo nililowaficha wiki jana, na leo nitalisema.

Mjukuu wangu naye anaitwa Maundu. Kwetu Ukambani mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake, hivyo mume akiondoka, jina lake hubaki nyumbani. Tangu akiwa mchanga nimemwita mume wangu. Yeye huniita mke wangu mbele za watu ili wacheke, na tukiwa wawili huniita Susu, yaani nyanya.

Anafanya kazi Mlolongo, kwenye duka la matairi ya malori. Kabla ya mambo ya gari nilikuwa namwona Krismasi na kwenye mazishi. Tangu fundi aanze kazi, anakuja kila Jumamosi. Ananiletea mkate na majani ya chai. Haulizi kama yamekwisha, anaweka tu juu ya meza na kutoka nje, kama mtu aliyeyasahau hapo.

Mtu mmoja akipika muthokoi, hula siku tatu. Ni mahindi yaliyokobolewa, yanataka moto mrefu, na huwezi kupika kidogo. Jumamosi tulikuwa tunamaliza sufuria siku hiyo hiyo.

Fundi wetu ni Mutua, mtu mzima, mpole, mwenye pikipiki inayokohoa. Nilipomletea maji ya kunawa siku ya kwanza, alikwenda kunawia kwenye mti wa mpapai, maji yasipotee. Mambo kama hayo mimi huyaona.

Jumamosi moja walikuwa wote wawili kwenye gari, mimi nimekaa kwenye kigoda nikichambua mbaazi.

"Washa taa," Mutua akasema.

Taa moja ikainuka. Nyingine ikabaki imelala.

"Imekukonyeza, fundi," Maundu akasema. "Nadhani inakupenda."

"Inipende ya nini? Mimi niko na bibi nyumbani."

Jirani yangu Mutindi alikuwa anapita na kuni zake. Mutindi hawezi kupita kimya.

"Kalondu! Huyo mume wako kijana bado anang'ang'ana na hiyo takataka?"

"Mwache," nikamjibu. "Wa kwako ni mzee na hajawahi kung'ang'ana na kitu."

Akacheka mpaka kuni zikamwanguka. Maundu akakimbia kumwokotea, akamfunga mzigo vizuri, akamtwisha.

Aliporudi, alimuuliza fundi, "Sasa niambie ukweli. Hii gari inapona ama haiponi?"

Mutua aliangalia chini. "Injini ni nzima. Ile mambo ingine tutaona wiki ijayo."

"Kila wiki ni wiki ijayo!"

"Gari ni mzee. Mzee hakimbizwi."

Maundu akaja akachuchumaa karibu nami, akachukua mbaazi mkononi mwangu na kuanza kuchambua.

"Susu, siku itapona, naingia nayo Mlolongo hivi polepole, dirisha chini. Wale wote wananiitanga mtoto wa matairi watajua."

"Na utakuwa unakuja nayo huku?"

"Eeh, nitakuja." Akafikiri kidogo. "Krismasi lazima."

Mkono wangu ulisimama ndani ya ungo.

Hapo ndipo nilipoona mahali nilipokuwa nimejifunga. Fundi akisema gari limekufa, Maundu hana tena cha kumleta Kola. Fundi akisema limepona, Maundu analipanda na kwenda. Kilichokuwa kinanipa mjukuu ni ugonjwa wa gari. Ningelilia lipone ili nibaki peke yangu?

Jumatatu Mutua alikuja kuchukua betri. Kila wiki alikuwa anaibeba kwenye pikipiki kwenda kuichaji. Nilimwambia akae kwanza. Nikampa chai, nikampa na muthokoi uliobaki jana yake. Alikula bila kuinua kichwa, nami nikazunguka jiko mara nyingi bila kazi.

Halafu nikasema. "Mutua, nina ombi. Usinicheke."

"Sikucheki, mwaitu." Mwaitu ni mama, ndivyo anavyoniita.

"Hiyo gari usiiharakishe. Ukiona mahali pa kukaza nati moja, kaza nusu. Huyo kijana akiuliza, mwambie bado. Mwambie bado mpaka mvua inyeshe na iishe."

Nilitazama ukuta nilipokuwa nikisema. Mwanamke wa umri wangu, mzee wa kanisa, ninamfundisha mtu uongo kwenye meza yangu.

Mutua aliweka kijiko chini.

"Mwaitu," akasema, "mimi sina haraka yoyote. Nimemdanganya tangu siku ya kwanza."

"Umemdanganya nini?"

"Njoo uone."

Tulitoka. Alifungua mlango wa gari, akainua kapeti chini ya kiti cha dereva. Ilikuwa imekatwa vizuri na kukunjwa, kama nguo ya kanisani. Akachukua bisibisi, akaiweka juu ya bati la sakafu, akaisukuma kwa kidole kimoja.

Ikapita. Ikapita kama inapita kwenye uji uliopoa.

Akainua kipande cha bati kilichovunjika, chekundu, chepesi. Kupitia kwenye tundu niliona udongo wa ua wangu na siafu wakipita.

"Sakafu yote ni hivi," akasema. "Na mbavu za chini. Na hizi za pembeni, hapa chini ya mlango. Injini itaishi kutushinda sisi wote, lakini hakuna mahali pa kuiweka. Nikichomelea bati jipya, litashika wapi? Ni kama kushona nguo imeoza. Sindano inapita tu."

"Lakini hili gari halikuwahi kulala nje! Lilikuwa na paa, lilikuwa na turubai. Nililitunza."

"Najua. Juu ni safi sana. Hiyo ndiyo ilinishangaza." Akasita. "Ulikuwa unaliosha?"

"Kila Jumamosi. Mzee alipokuwa anaondoka alisema, Kalondu, usiache gari langu lipate vumbi. Sikukosa."

"Na chini?"

"Na chini. Niliinama nikamwagia mpaka chini."

"Na maji ya wapi?"

Nikageuka nikatazama pale tangi lilipokuwa.

Mume wangu alikuwa analiosha kwa maji ya mvua, ya tangi. Baada ya mazishi tangi lilipasuka, nikawa natumia maji ya shimo, yaani ya kisima. Mtu yeyote wa upande wetu anayajua maji ya shimo. Sabuni haitoi povu. Maharagwe hayaivi. Ukiyaacha kwenye sufuria yanaacha unga mweupe pembeni. Ni chumvi. Nilichota mtungi baada ya mtungi, miaka yote hiyo, mgongo ukiniuma, nikalinywesha gari la mume wangu chumvi.

"Ni mimi," nikasema.

"Ni maji," akasema Mutua. Akafunika lile tundu na kapeti haraka, kama mtu anayemfunika mgonjwa wageni wasimwone. "Hata mimi ningeosha nayo. Kwani kuna mengine?"

Nilikaa kwenye kizingiti cha mlango wa gari. Yeye alisimama akijifanya anaitazama pikipiki yake, ili nilie bila kutazamwa.

Nilipomaliza nikamuuliza, "Kama ulijua siku ya kwanza, kwa nini hukusema?"

"Siku hiyo ulikuwa umechinja kuku," akasema. "Kijana alikula, mkacheka, ukamwambia mume wangu ongeza mchuzi. Nikajiambia, nikisema leo hii sakafu imekwisha, hiyo sufuria haitapikwa tena."

"Na hiyo betri unayobeba kila wiki?"

Akaona haya. "Naenda nayo nyumbani. Narudi nayo."

"Huichaji?"

"Iko sawa, mwaitu. Iko sawa tangu mwanzo."

Sijui kama ninyi mmewahi kufanyiwa jambo kama hilo. Mtu amebeba betri nzito njia ya mawe, kwenda na kurudi, ili mwanamke asiye wa ukoo wake apate mtu wa kula naye. Na hakuwahi kuniomba hata senti.

"Lazima aambiwe," nikasema.

"Lazima."

"Nipe Jumamosi moja. Tule naye mara moja, halafu nimwambie."

"Jumamosi moja," akakubali. "Lakini useme wewe. Mimi nikimwona usoni sitaweza."

Nikaahidi.

Siku zilizofuata nilijaribu maneno. Nilimwambia mbuzi. Nilikiambia kiti cha mzee. Maundu, mume wangu, gari limekwisha, nimeliua mimi kwa kuliosha. Kila mara nilifika hapo, halafu nikaona meza ikiwa na kikombe kimoja, nikayameza.

Jumamosi haikufika.

Alhamisi, jua likiwa juu, pikapu ilisimama langoni. Nikaona godoro limefungwa kwa kamba. Nikaona jiko la gesi na sanduku la bati. Halafu Maundu akaruka kutoka nyuma, amebeba jeki kubwa ya malori begani.

"Mke wangu!" akaita. "Chakula kiko? Mume amerudi nyumbani!"

"Kuna nini? Umefukuzwa nyumba?"

"Nimeacha kazi."

Nilishika nguzo ya lango.

"Bosi amesema Jumamosi sitoki tena," akaendelea, huku akishusha godoro. "Akaniambia nichague, kazi ama gari ya nyanya. Nikamwambia hata usitafute mwingine wa kushindana na nyanya. Susu, nimefikiri sana. Hiyo gari ndiyo kitu pekee ya guka imebaki. Babangu anataka kuitupa. Fundi hana haraka, sawa, mimi niko nayo. Nitalala hapa, nifanye naye kila siku, tumalize."

Guka ni babu. Huko Mlolongo wamechanganya lugha zote.

Sasa nitasema lile ninaloonea haya kuliko mengine yote. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Kabla sijafikiria kazi aliyoipoteza, kabla sijafikiria gari, niliona godoro likiingia nyumbani mwangu nikasema ndani kwa ndani, asante Mungu. Kijana ametupa kazi yake kwa ajili ya kitu nilichojua kimekufa, nami nashukuru.

"Kwanza kula," nikamwambia. "Ukishakula nina neno na wewe."

"Neno zuri ama baya?"

"Kula kwanza."

Nikaingia jikoni. Nilijiambia, Kalondu, akimaliza sahani ya kwanza, unasema. Usingoje ya pili. Nilikuwa nakoroga huku nikiomba.

Kutoka nje nikasikia chuma kikilia.

Ilikuwa sauti ndogo, kama bati la paa jua linapotoka. Ikalia tena, ndefu kidogo.

Nilitoka na mwiko mkononi. Niliona miguu ya Maundu na mkono mmoja tu. Mwili mwingine wote ulikuwa chini ya gari. Alikuwa ameweka ile jeki chini ya mlango, pale pembeni kabisa, na mkono wake ulikuwa unaipandisha. Jeki ilikuwa inapanda.

Gari lilikuwa halipandi tena.

Jeki ilikuwa inaingia ndani ya gari.

"Maundu, toka!"

"Kidogo tu, Susu. Naona kitu hapa, imekaa vibaya..."

"Toka!"

"Ngoja nika..."

Sikungoja. Nilitupa mwiko, nikamshika miguu yote miwili, nikavuta. Sijui nguvu zilitoka wapi. Mimi ni mtu wa kuomba msaada kuinua mtungi. Alitoka akiteleza kwa mgongo kwenye vumbi, akicheka, shati limepanda mpaka kwapani.

"Susu, unanivuta kama mbuzi! Ungeniambia tu chakula..."

Gari likashuka. Liliketi chini kwa mshindo mmoja mzito, jeki ikabaki imechomoza ndani, karibu na kiti cha dereva. Unga mwekundu ukatoka pande zote, ukatulia polepole juu ya viatu vyetu.

Aliacha kucheka. Aliangalia mahali kichwa chake kilipokuwa. Chini ya gari, kwa matairi yale yasiyo na pumzi, sasa usingeweza kupitisha hata sahani.

"Uuwi," akasema kwa sauti ndogo, sauti ya mtoto.

Nilimkumbatia. Akakubali, mtu mzima, jasho na kutu, akaniegemea. Tulikaa hivyo vumbini.

Kisha akajitoa. Akaenda, akafungua mlango kwa nguvu kwa sababu ulikuwa umejipinda. Akainama ndani. Nikamwona akiinua kapeti.

Akapitisha kidole kwenye ukingo wake.

"Hii kapeti imekatwa," akasema. "Imekunjwa. Mtu alishafungua hapa akaona."

Niliinama nikaokota mwiko.

"Hii bati haina hata nguvu ya kubeba kuku. Fundi alijua." Akasimama. "Wiki hizi zote alikuwa anajua! Na mimi nimeacha kazi!"

"Maundu, keti chini, nikuambie..."

Lakini alikuwa tayari ametoa simu, akakosea namba, akaanza upya. Akaweka sauti ya nje. Nikasikia mlio, halafu kelele za soko, halafu Mutua.

"Mume wa mwaitu! Habari ya Mlolongo?"

"Niko Kola. Niko kwa gari. Nimeinua kapeti."

Zile kelele za soko ziliendelea.

"Fundi, ulijua?"

"Nilijua," akasema Mutua.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na ukaendelea kuja! Ukakula chakula ya huyu mama mzee kila Jumamosi, ukimwambia wiki ijayo, wiki ijayo! Nimekuwa chini ya hiyo gari sahii! Ningekufa!"

Nilisikia Mutua akivuta pumzi. Nadhani hapo ndipo alipojua jinsi ilivyokuwa karibu.

"Uko mzima?" akauliza.

"Usiniulize kama niko mzima! Nyanyangu alikuwa anajua?"

Nilinyoosha mkono nichukue simu. Maundu akaishika juu, mbali nami.

Mutua hakuchukua muda kufikiri. Alijibu mara moja, waziwazi, kama mtu anayetaja jina lake.

"Mwaitu hakujua kitu. Ni mimi. Nilikuwa napenda chakula chake. Nilaumu mimi."

Simu ikakatika.

Maundu aliitia mfukoni. Akaenda kwenye gari, akashika mpini wa jeki, akauvuta mpaka ukachomoka, akatoka nao mkononi. Dereva wa pikapu alikuwa bado langoni akifunga kamba zake, na injini inanguruma.

"Nipeleke sokoni," Maundu akamwambia. "Kuna mwizi huko nataka kuongea na yeye."

"Maundu."

Aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na uso wake ulikuwa uso wa mume wangu kabisa, ile siku pekee niliyomwona amekasirika.

"Susu, wewe kaa hapa. Nitarudi tule. Usiogope, mimi siendi mahali tena. Nitakaa na wewe." Akapanda mguu mmoja kwenye pikapu. Halafu akasimama hivyo, mguu mmoja juu, mmoja chini, kama mtu aliyekumbuka kitu.

"Ulisema uko na neno na mimi," akasema. "Nikishakula. Ni neno gani?"